Nilivyopaka chokaa ukuta wa majina wa Maman Furaha, Brussels

Wakuu, salama humu? Hii sikusimuliwa na mtu, aibu ni yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi rangi, mtu wa Tanga, niko Brussels. Mwaka jana nilipata kazi mtaa wa Saint-Josse. Jengo la zamani, zamani watu walikuwa wakifua na kupiga pasi humo nguo za hoteli, linageuzwa nyumba ya kuishi.

Mwenyewe ni Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu. Alipofika kama mkimbizi alipiga pasi mlemle miaka mingi. Sasa yeye na wanawe wamelinunua.

Jiko la kisasa, bafu la kisasa, ila kuna ukuta mmoja mchafu, umejaa majina ya wapiga pasi kwa penseli.

"Ile mur uache tu, mwanangu," akaniambia, akiuonyesha ukuta ule.

Sasa kwetu mama akikwambia "acha tu", ujue anaona haya kukutuma. Tena nimelelewa na mzee ambaye kila Idd ikikaribia alitugawia brashi na ndoo ya chokaa. Ile harufu naikumbuka mpaka leo.

Nikasema nimfanyie surprise. Ijumaa nikaupaka chokaa mkono mmoja, ukawa mweupe pee.

Jumamosi asubuhi Maman akaingia. Hakugomba. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Chokaa ilikuwa bado changa. Nikachukua sponji na maji, nikafuta taratibu, siku nzima. Majina yakawa yanarudi moja moja, naye anayasoma: huyu alirudi kwao Ureno, huyu alikuwa mchoyo wa sabuni. Ikafika mahali tunacheka.

Jina moja halikurudi. Espérance, rafiki yake aliyetoka naye Bukavu, sasa marehemu. Penseli iliondoka na chokaa. Nikamwambia ukweli.



"Ule hakujuwaka kuandika," akasema. "Ni miye niliandikaka jina yake. Bon, leta crayon."

Akachukua penseli, akaliandika palepale.

Funzo nililopata: mteja akisema acha, acha. Unachoona wewe ni uchafu, kwa mwenzio ni ukoo.

Nyumba ya mzee wangu kule Tanga tuliiuza, ikavunjwa, sina hata kipande cha tofali. Inaniuma kuliko nilivyodhani.

Nyie wenzangu, kwenu ukutani kumebaki nini? Semeni kabla fundi hajafika.