Kunguru Katika Dohani ya Glenys

Glenys Probert alikuwa mpishi wa shule pale Treherbert, mji mdogo wa bondeni, na mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Alipanga nyumba ya Bwana Havard pamoja na baba yake, mzee Emlyn, aliyekuwa dereva wa basi la bondeni hadi alipostaafu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Boila la nyumba ile, mtambo wa gesi wa kupasha maji, lilikuwa la zamani, limefichwa ndani ya dohani ya sebuleni, lile bomba la kutolea moshi, nyuma ya moto wa gesi. Mzee Emlyn alishinda mbele ya moto huo kutwa nzima, miguu kwenye zulia, kwa kuwa baridi ya huku haina adabu.

Majira ya kuchipua yalipoanza, mzee akaanza kupotea. Si kupotea njia, kupotea akili. Alimwita Glenys kwa jina la mkewe aliyekwisha kufa. Aliacha chai ikapoa mkononi. Alikuwa bingwa wa dhumna klabuni, lakini sasa alishika vipande akavitazama kama mtu aliyepewa mawe.

"Baba, zamu yako," Glenys angemwambia.

"Zamu ya nini?"

Glenys hakukaa akatulia tangu hapo. Nilimsikia kupitia ukutani akipanda ngazi, akishuka, akifungua makabati, akifunga. Kazini alikuwa akiacha sufuria jikoni na kukimbilia simu ya ofisini kumwuliza baba yake kama amekula. Jumamosi moja akaenda kimyakimya kuangalia nyumba ya kutunzia wazee kule chini Pontypridd. Aliniambia mimi tu, tena akiwa amesimama mlangoni kwao, hataki kuingia wala kuondoka.

Boila nalo lilikuwa likisumbua. Maji ya moto yalikuja na kukatika. Mwali wa moto wa sebuleni, ambao zamani ulikuwa wa bluu, ukawa wa manjano na mlegevu, na juu yake ukutani pakatokea doa jeusi. Glenys alilifuta kwa kitambaa, likarudi. Akampigia Bwana Havard.

Havard alifika na kofia yake, akainama, akaligonga boila kwa kifundo cha kidole.

"Hili boila limo humu tangu nikiwa na nywele," akasema. "Litatuzika sote, Glenys. Hayo masizi ni ya mishumaa yako."

"Siwashi mishumaa mimi, Bwana Havard."

"Basi kaanga vitu vichache."

Mzee Emlyn akacheka kwenye kiti chake, ingawa sidhani kama alijua anacheka nini. Havard akaahidi kuleta fundi baada ya Pasaka, akaenda zake.

Kabla ya Pasaka, Delyth, dada mdogo wa Glenys anayekaa Barry kando ya bahari, akaja kumchukua baba yao akapumzike kwake siku chache. Jumapili jioni simu ikalia kwa Glenys.

"Unasema baba amechanganyikiwa?" Delyth akauliza. "Baba huyuhuyu? Ametufunga dhumna sote hapa, mpaka mume wangu amenuna. Amenitajia vituo vyote vya basi lake, kimoja kimoja."

"Delyth, hapa kwangu hata jina langu halijui."

"Kwangu hana neno. Labda ni wewe unayemchosha, dada. Unamfuatafuata kama polisi."

Neno hilo lilimchoma. Mzee aliporudishwa, Glenys alimtazama kwa jicho jingine. Siku ya kwanza alikuwa mzima, anatania. Siku ya pili akaanza kusinzia. Baadaye akamwita tena kwa jina la marehemu. Glenys akaja kwangu akilia kwa hasira.

"Ananichukia," akasema. "Akinitazama mimi tu, akili inamtoka. Mtu gani humfanyia hivyo mwanawe?"

Nikamwambia asiwe mjinga.

Kisha shule zikafungwa, Glenys naye akawa nyumbani mchana kutwa. Kichwa kikaanza kumuuma. Alichanganya unga wa vikate vya zabibu akasahau zabibu, akaweka chumvi badala ya sukari. Akampigia Delyth, maneno yakamkwama katikati.

"Umekunywa?" Delyth akamwuliza.

"Saa hizi za asubuhi? Usinitukane."

Akakata simu, akachukua kapu la nguo akatoka uani kuanika. Upepo ulikuwa mkali. Alipokuwa akibana shuka la tatu au la nne, akahisi kichwa kinafunguka, kama mtu aliyevua kofia ya kubana. Akasimama na kibanio mdomoni. Juu ya paa akaona kunguru mdogo ametua kwenye dohani yao, na kijiti kirefu mdomoni. Ndege akainamisha kichwa, akakidondosha kijiti ndani. Mwenzake akaja na sufu ya kondoo.

Nilikuwa dirishani kwangu. Nilimwona Glenys akidondosha shuka kwenye matope na kukimbia.

Alizima moto, akafunga gesi kwenye mita, akafungua madirisha yote. Halafu akamshika baba yake kwapani.

"Twende nje, baba."

"Niache. Baridi."

"Twende!"

"Mama yako amekutuma?"

"Ndiyo, amenituma. Simama."

Alimtoa na sapatu zake miguuni, nami nikaruka ukuta kumsaidia. Tukamkalisha kwangu, nikapiga simu ya dharura ya gesi. Fundi aliyekuja alikuwa kijana mnene aitwaye Meurig. Alipanda juu, akaingiza mkono katika dohani, akatoa vijiti, sufu, tope, kamba ya plastiki, na bado vikawa vinakuja. Ndoo ilijaa, akaomba nyingine.

"Moshi wote umekuwa ukirudi sebuleni," akasema. "Ndani yake mna sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huvuruga akili. Mpelekeni mzee hospitali sasa hivi. Na wewe mama, panda naye."

Hospitali waliwapima damu wote wawili, wakawawekea hewa safi puani. Daktari alimwambia Glenys kwamba wiki nyingine ya baridi, wasingeamka.

Bwana Havard alifika hospitali akiwa amevua kofia. Alitaka kusema mengi. Glenys akamwambia, "Nenda kaweke boila jipya, Bwana Havard. Mengine tutaongea mwanasheria akiwepo." Aliliweka. Lakini hawakurudi, walikaa kwa Delyth mpaka Glenys akapata nyumba nyingine mtaa wa juu, isiyo na gesi kabisa. Delyth hakuomba radhi kwa maneno. Alimfulia dada yake nguo kwa mwezi mzima, tena akazipiga pasi.

Akili ya mzee Emlyn ilirudi, si yote. Majina ya vituo vingine yalipotea moja kwa moja. Lakini siku moja, wakicheza dhumna, alisema bila kuinua macho:

"Najua ulikwenda kuiangalia ile nyumba ya wazee."

Glenys akaganda. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikuwa kiziwi. Ulikuwa unaongea na jirani mlangoni." Akapanga kipande chake taratibu. "Ningekwenda, mwanangu. Ungeniambia tu."

Glenys aliniambia kwamba alikwenda kufungua dirisha, na mzee akapiga kelele kwamba kunaingia baridi.