Vumbi Mgongoni mwa Ndalahwa

Hakuna mtu Sapiwi aliyempenda Nyanda kama Ndalahwa, na hakuna aliyebwagwa chini na Nyanda mara nyingi kama Ndalahwa. Hayo mawili msiyatenganishe, maana ndiyo habari yenyewe. Kila mwaka, pamba ikishauzwa na watu wakipata nafasi ya kupumua, vijiji vilikutana siku ya gulio kwenye uwanja wa ghala la chama cha msingi, na wanaume wakashikana mieleka. Miaka kumi na minne mfululizo hao wawili waliwekwa mwisho, kwa kuwa hao ndio ambao watu walikuja kuwatazama. Nyanda alikuwa pande la mtu kutoka ng'ambo ya mto. Ndalahwa alikuwa mwembamba, ukimwona unamhurumia, ila miguu yake ilijua kazi. Mara saba alishinda huyu, mara saba akashinda yule.

Mieleka ya zamani haikuwa na mambo mengi. Mgongo ukigusa ardhi, kwisha. Mshindi anampa mkono aliyeanguka, anamwinua, anamgeuza, kisha anamkung'uta vumbi la mgongoni kwa viganja vyake mbele ya watu wote. Hilo halikuwa hiari ya mtu. Ukishinda ukaondoka bila kumpangusa mwenzako, ushindi wako hauhesabiwi, na wazee walikuita palepale urudi ukamalize kazi. Baada ya hapo mlikula sahani moja.

Sasa, mke wa Ndalahwa, Scola, alifariki mwaka wa tisini kwa homa ya siku nne tu. Binti yao wa pekee, Milembe, akaolewa Lingeka, huko Meatu, na ukiolewa Lingeka wa kwenu watakuona msiba ukitokea. Ndalahwa akabaki na ng'ombe kumi na mmoja, shamba la pamba, na kigoda cha pili ambacho hakuna aliyekikalia. Watu husema upweke ni kukosa wa kuongea naye. Uongo mtupu! Wa kuongea naye hakosekani, hata ng'ombe utaongea naye. Upweke ni kumaliza mwaka mzima bila mkono wa mtu kukugusa. Tangu Scola azikwe, mkono uliogusa mgongo wa Ndalahwa ulikuwa mmoja, wa Nyanda, tena mwaka ule alioshindwa. Mwaka alioshinda, yeye ndiye aliyepangusa, na hiyo nayo ilimtosha mpaka msimu mwingine. Hakumwambia mtu jambo hili. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo?

Halafu ikaja ruksa. Mnaikumbuka? Kila kitu ruksa. Wakaja wanunuzi binafsi wa pamba na malori yao na mizani yao, chama cha msingi kikalala, ghala likabaki na popo. Bariadi mjini vikafunguliwa vibanda vya video, na mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote alikuwa kijana mmoja anaitwa Danford, mwenye jenereta na mdomo. Danford alikuwa na kanda ya wanaume wanaopigana ndani ya wavu. Ngumi ruksa, teke ruksa, mieleka ruksa, kunyonga ruksa. Mwaka wa tisini na tano akaja Sapiwi na spika, akatangaza kwamba mieleka ya kienyeji ni mambo ya kizamani, mwaka huu mtaona mapigano huria.

Watu wakajaa. Mwaka huo hapakuwa na kanuni wala kupima kilo, wapinzani walipangwa kwa kura. Pambano la kwanza, kura ikamkutanisha Ngeleja, fundi baiskeli, mtu mwepesi ungeweza kumbeba kwapani, na mchinja ng'ombe kutoka Nyalikungu kule Maswa. Ngumi moja tu, taya la Ngeleja likahama. Shughuli ikafia hapo. Ndalahwa na Nyanda walikuwa wamekaa pembeni, wamevua mashati, wanangoja zamu ambayo haikufika. Ndalahwa alivaa shati lake akarudi nyumbani, na mwaka huo haukuhesabika.

Afisa utamaduni wa wilaya akamwita Danford, akamwambia kibali hakuna mpaka aweke kanuni na apange watu kwa uzito. Hapo sina la kulalamika, maana taya la Ngeleja lilimfundisha kila mtu. Mwaka uliofuata Danford akaja na karatasi. Kutoboa macho marufuku, kung'ata marufuku, kupiga sehemu za siri marufuku. Mgongo kugusa ardhi si kushindwa tena. Pambano linaisha mtu akipiga ardhi kwa kiganja kuonyesha amekubali yaishe, au refa akilisimamisha. Na makundi matatu: chini ya kilo sitini, sitini mpaka sabini, na zaidi ya sabini.

Mizani ikatolewa ghalani, ile ya kuning'iniza magunia ya pamba, na mpimaji akawa Mzee Marcelo, aliyekuwa karani wa chama miaka yote. Mtu anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja miguu, mzee anasoma. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe Ndalahwa alikwenda kujipima.

"Sitini na nne," alisema Mzee Marcelo.

"Na Nyanda?"

"Sabini na sita. Alipita juzi." Mzee akamtazama juu ya miwani. "Hamkutani tena, kijana wangu. Wewe una kundi lako."

Ndalahwa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, lakini kwa Mzee Marcelo kila mtu alikuwa kijana. Akatoka hapo moja kwa moja mpaka ng'ambo ya mto, akamkuta Nyanda uani kwake anafunga begi.

"Mwadila, Nyanda."

"Mwadila gete. Kwema?"

"Kwema. Umesikia habari ya kilo?"

"Nimesikia." Nyanda hakuacha kufunga begi. Siku hizo alikuwa anashinda Bariadi kwenye kibanda cha Danford, anatazama ile kanda, anarudisha nyuma, anatazama tena. "Wa kilo zako utampiga tu. Hakuna mtu hapo."

"Mimi sitaki wa kilo zangu. Tuko saba kwa saba, wewe na mimi."

Nyanda akacheka. "Wewe bado unahesabu? Mshindi wa kundi letu anapelekwa Mwanza, Ndalahwa. Mwanza! Mimi nimechoka kunusa mavi ya ng'ombe. Siku hizi kila mtu na lwake."

Ndalahwa alivuka mto kurudi, na njiani alishaamua. Kama kilo ndiyo mlango, basi atanenepa apite. Jamani, mtu mzima alikula! Ugali asubuhi, ugali mchana, ugali jioni, mtindi kibuyu kizima, matobolwa ya viazi vikavu na karanga katikati. Alikula peke yake, kigoda kingine kikimtazama, akala mpaka machozi yakamtoka, akapumzika, akaendelea. Alimchinja hata jogoo aliyeachwa na Scola, ambaye Ndalahwa alikuwa ameapa hatamchinja. Siku mbili kabla ya pambano akaenda tena kwa Mzee Marcelo. Sitini na nane. Mwili uligoma hapo.

Mkulima wa pamba lakini ana dawa ya mizani, na nyote mnaijua, msinifanye niwataje majina. Pamba ikiwa nyepesi unainyunyizia maji. Asubuhi ya pambano Ndalahwa alikaa kisimani na kopo la lita moja, akanywa la kwanza, la pili, la tatu, na nusu ya la nne. Alitembea mpaka uwanjani polepole, tumbo likisema naye kila hatua.

Akashika ndoano. Mzee Marcelo akasoma, akasogea karibu, akasoma tena. Kisha akambonyeza tumbo kwa kidole, vilevile alivyokuwa akitia mkono kwenye gunia miaka thelathini.

"Pamba hii imemwagiwa maji," alisema. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Danford akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Sabini na moja," Mzee Marcelo alimjibu, akaandika. "Karatasi yako haisemi mtu asinywe maji." Halafu akainama sikioni kwa Ndalahwa. "Wewe mjinga gete, mjinga kweli. Yule atakuua."

"Hawezi. Nyanda ni mwenzangu," alisema Ndalahwa.

Kundi la juu lilikuwa na watu watatu tu. Yule mchinja ng'ombe wa Nyalikungu alipata kungoja fainali, kwa hiyo Ndalahwa na Nyanda wakaitwa mbele. Refa alikuwa Method, rafiki wa Danford, mwenye filimbi. Nyanda alikuwa amevaa kaptura mpya nyekundu. Ndalahwa alimtabasamia. Nyanda akatazama filimbi.

Ngumi ya kwanza ilimpata Ndalahwa kwenye shavu, na teke likampata pajani, na yale maji yakapanda mpaka kooni. Hakuwa amepigwa ngumi tangu utotoni, na sitaki kuwadanganya, iliuma. Lakini Nyanda alipokuja na ngumi ya tatu alifungua mbavu, na Ndalahwa akaingia. Akamkumbatia kiunoni. Akausikia moyo wa mwenzake ukigonga kwenye sikio lake, na jasho lile analolijua, na kwa muda mfupi akawa mtu mwenye furaha. Akapitisha mguu wa kulia nyuma ya goti, ule ujanja wake wa siku zote, akasukuma. Nyanda akaanguka chali, puu! Vumbi likapanda.

Watu wazima wote uwanjani wakasimama. "Nane!" alipiga kelele mzee mmoja. "Nane kwa saba!"

Na hapo ndipo Ndalahwa alipokosea. Karatasi aliisikia ikisomwa, hakuwa kiziwi. Lakini miaka kumi na minne mkono wake ulikuwa unajua kitu kimoja tu cha kufanya mtu akiwa chali. Akarudi nyuma hatua moja, akainama, akanyoosha mkono amwinue mwenzake ampanguse.

Nyanda aliutazama ule mkono. Wote tuliona alivyoutazama. Danford alikuwa anapiga kelele kwenye spika, "Endelea! Endelea!" na Method hakupuliza. Nyanda akaushika mkono, akauvuta, akamzungushia miguu kifuani, akamlaza, akaukunja kinyume mkono uleule aliopewa, kwa namna aliyoiona kwenye kanda. Kiwiko kikalia. Ndalahwa hakukumbuka hata kwamba inampasa kupiga ardhi. Alikuwa anasema, "Nyanda, Nyanda, mgongo uligusa," na ilibidi Method awatenganishe kwa nguvu.

Vijana wakambeba Nyanda mabegani. Ndalahwa akakaa palepale katikati, mkono umelala mapajani, mgongo mweupe kwa vumbi, anangoja. Mchinja ng'ombe aliitwa, Nyanda akamshinda naye, na Ndalahwa alikuwa amesogea tu mpaka kwenye kivuli cha ghala, bado anangoja. Alikuja mama Felisita, mjane anayeuza togwa pale gulioni.

"Baba Milembe, geuka nikupanguse. Una vumbi mpaka shingoni."

"Acha tu, mayu. Yuko mwenye kazi yake."

Mwenye kazi yake alipita alasiri akiwa na Danford, wanaelekea kwenye gari. Akasimama hatua mbili kutoka kwa Ndalahwa.

"Kanuni ulizisikia," Nyanda alisema.

"Nilizisikia."

"Basi usinilaumu."

"Sikulaumu. Nane ni zako. Njoo unipanguse."

Danford akatangulia garini, akapiga honi. Nyanda alitazama gari, akatazama viganja vyake, akasema, "Nitapita kwako, Ndalahwa. Kabla ya kwenda Mwanza nitapita." Akapanda gari.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndalahwa kushindwa alikukubali tangu zamani, mara saba. Kuachwa ndiko hakukukubali. Wiki nzima hakuoga mgongo. Alinawa uso, miguu, kifua, mgongo akauacha na vumbi lake, akaweka vigoda vyote viwili nje asubuhi, akavirudisha ndani jua likizama. Nyanda alikwenda Mwanza bila kupita. Tulisikia baadaye kwamba huko walimpima wakakuta yuko kati ya makundi mawili, wakamwambia apunguze au aongeze. Sijui alifanya lipi. Hakurudi kutuambia.

Siku ya nane Ndalahwa alichota maji, akajimwagia mgongoni ndoo nzima, akajisugua kwenye nguzo ya zizi mpaka ngozi ikawasha. Akavaa shati safi, akafunga mkono kwenye kanga ya zamani ya Scola, akaenda gulioni. Felisita alikuwa na ndoo yake ya togwa na wateja watatu. Ndalahwa akangoja mpaka wote wakaondoka.

"Mayu," alisema, "lile ulilotaka kunifanyia siku ile. Bado unaweza?"

Felisita hakuelewa. Ndalahwa akageuka, akapandisha shati kwa mkono mzima mpaka mabegani, akasimama hivyo mbele ya gulio zima. Mama wa watu akafuta viganja kwenye kanga yake, akaviweka mgongoni kwake, akasita.

"Mbona hakuna vumbi hapa, baba Milembe?"

"Najua," alisema Ndalahwa. "Wewe pangusa tu."