Vitezi vya mume wangu tulivizika nyuma ya nyumba

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mama mkwe bado yuko hai na wajukuu humsomea kila kitu kwenye simu.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, Mwislamu wa hapa Bujumbura. Wakati wa vita mume wangu, fundi magari, alikutwa na kansa ya mfuko wa tumbo, ikiwa bado changa. Daktari alikata kipande cha tumbo pamoja na vitezi vinavyolizunguka, akanikabidhi chupa, vitezi vikiwa ndani ya dawa. "Mama, peleka ku labo wapime leo leo. Kama kansa imeingia mu hizi tezi, bwana yako ataenda kutunzwa Nairobi. Kama haimo, tunaachia hapa." Shemeji yangu alikuwa tayari kumpeleka huko.

Risasi zilikuwa zinalia upande wa Kamenge, kwenye njia ya labo, nikapita nyumbani kwanza. Laiti nisingepita! Mama mkwe aliiona chupa. "Nyama ya mutoto yangu mu chupa kama pilipili? Apana! Kiungo cha Mwislamu kinazikwa!" Kweli, kwetu hata jino huzikwa. Nilijaribu kumweleza, hakutaka kusikia. Yule mama nilimwogopa kuliko bunduki. Tulichimba nyuma ya nyumba, tukavifunga kwa kitambaa cheupe, tukazika.

Baada ya wiki mbili daktari akaniuliza jibu. Mume wangu alikuwa amekaa hapo hapo, ananitazama mdomoni. Nikasema, "Wamesema ziko safi." Na karatasi? "Askari walininyang'anya ku bariyeri, pale wanafunga njia." Siku zile nani angebisha? Mume wangu alicheka kwa furaha hadi akashika mshono.

Aliishi miaka miwili tu. Kansa ilirudi imeenea. Msibani mama mkwe alimlaani daktari mbele ya ukoo mzima, eti alikata vibaya, na mimi nilikaa kimya. Labda vitezi vilikuwa safi kweli. Hakuna atakayejua.

Juzi nimekutana na daktari huyo dukani, mzee sasa. "Mama, mi niliacha kupasua watu kisha bwana yako kufa. Tezi zilikuwa safi, basi kosa ni ya mukono yangu. Unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe! Nikachukua mchele wangu, nikatoka.

Alilaaniwa mbele ya ukoo, kwa hiyo kumsafisha ni mbele ya ukoo. Lakini mama mkwe ana miaka tisini na anaamini alimlinda mwanawe. Nikisema, namuua huyu. Nikinyamaza, yule anakufa akijiita muuaji. Nitukaneni mkitaka, ila mniambie: nifanyeje?