Siku Nilipougonga Mzinga wa Dada Kalunde

Jamani, bora mnisikie mimi kabla hamjaisikia kwa dereva mmoja wa Dar ambaye naamini mpaka leo anaisimulia kila anaposimama kujaza mafuta: kuna wageni wa heshima wameniona nikiruka ngoma na boksa peke yake, mchana kweupe, kule kijijini Ipole.

Dada Kalunde ni binti wa mama mkubwa, na kwa huyo mimi napigana (ulizeni Mtendeni ninapotengenezea simu, ukimsema vibaya simu yako utaisubiri sana). Anachonga. Hakufundishwa na mtu, kama mimi na simu zangu. Anachukua mizinga ya nyuki ya zamani, ile ya magogo, anaichonga nje, ndani anaiacha na uwazi wake vilevile, na shambani kwake ana banda la maonyesho na makuba ya kulaza wageni. Hayo makuba usipoyaona huamini! Fito zimeungwa pembetatu kwa pembetatu mpaka zikajikunja kama mpira uliokatwa nusu, juu kavika turubai, nguzo hakuna, kona hakuna, ukilala unajiona uko ndani ya yai, na upande mmoja kaweka plastiki inayoonyesha kama kioo ili mgeni aangalie nyota. Hiyo plastiki msiisahau.

Sasa, alikuwa anamsubiri mama mmoja kutoka Dar anayechagua kazi za maonyesho makubwa, na tegemeo lake lilikuwa mzinga mmoja, mkubwa, umezungukwa na wapagazi wa zamani aliowachonga bila mizigo, wanatoka Tabora kwenda pwani, mmoja nyuma ya mwenzake, unauzunguka na kuuzunguka, mwanzo wa msafara huuoni wala mwisho. Mmoja wao kageuza shingo anaangalia alikotoka. Yule alinitoa machozi, sifichi. Ukichaguliwa, ndiyo mara ya kwanza jina la dada linavuka mkoa.

Mimi nilitangulia kwenda kumsaidia, nikauona mzinga umepauka, nikaona jikoni kuna kopo la nta, nikasema si ndiyo inang'arisha mbao hii? Nikaupaka nje, nikaupaka mdomoni, nikaingiza mkono nikapaka na ndani (kwa upendo, jamani), ukang'aa, na sikumwambia, nilitaka ashtukie tu. Kesho yake nyuki wachache wakawa wanaingia na kutoka. Nikajisemea, ona, hata wadudu wanajua kazi nzuri.

Asubuhi ya wageni, sote tulikuwa kwenye makuba tunafagia na kutandika, bandani hakuna mtu. Gari likaingia, tukalifuata mpaka bandani, nikamwahi yule mama wa Dar akishuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaenda moja kwa moja kwenye mzinga, akauzunguka kimya, akavua miwani, akauzunguka tena. Moyo wangu ukajaa. Ndipo dereva wake, kaegemea mlango, akasema, "Mama, yaani tumekula vumbi lote lile kuja kuangalia mzinga?"

Kichwa kikawaka. "Mzinga? Huoni watu hapo? Wewe kaendeshe gari lako! Hii ni kazi imeshiba, sikia!" Nikaupiga kofi, po! Nikaupiga la pili.

"Masudi, acha!" Dada alikuwa ameshasikia mvumo.

Kilichotoka mle sikuwahi kukiona. Mama na dereva wakawahi gari, mimi nikawahi kuba, nikafunga zipu ya mlango nikashukuru Mungu, halafu nikamsikia mmoja ndani ya suruali. Akapanda. Nikatupa suruali, nikatupa shati, naruka, najichapa makofi mapajani, nalia "mama yangu weee", nikageuka.

Plastiki.

Nje kuna gari, vioo vimepandishwa, na nyuso mbili zinaniangalia. Dereva kalalia honi kwa kucheka. Yule mama kaziba mdomo, na hakuwa anasikitika.

Dada akaja na majani yanayofuka moshi, akawatuliza nyuki mpaka wakarudi ndani, kisha akanirushia khanga bila kuniangalia.

"Lete mkono." Akanusa. "Umeupaka nta?"

"Ung'ae, dada."

"Na ndani?"

"Kidogo."

"Masudi, babu alikuwa anapaka nta ndani ya mzinga ili iweje?"

Ipole hata anayeanza kutembea anajua: ili nyuki wahamie.

Mama akashusha kioo kidogo. "Basi watoe, Kalunde, tuubebe. Huu ndio ninaoutaka."

Moshi dada alikuwa nao mkononi. Aliuangalia ule mzinga muda mrefu, mimi namwomba kwa macho, watoe, dada, watoe.

"Hapana, mama. Wameukuta wazi wakaingia. Siwezi kufukuza wageni niliowaalika, hata kama kawaalika huyu." Kisha akacheka peke yake. "Angalau sasa wapagazi wangu wamebeba kitu."

Mama akaondoka na kazi mbili ndogo za ukutani. Nzuri, ndiyo, na jina limefika Dar, lakini siyo ule. Ule uko palepale, kamba imezungushwa, watu wanausifu kwa mbali, na nyuki wanatembea juu ya uso wa yule anayeangalia nyuma.

Nimeapa: kazi ya mtu siipaki kitu, hata nikiikuta na vumbi namwita mwenyewe. Kwenye kuba navulia ndani ya shuka. Na kila nikienda Ipole, dada ananinusa mikono kabla sijaingia bandani, na mimi, na hasira zangu zote hizi, nainyoosha kimya kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula.