Sima Iliyopoa

Mwaka wa 1947 Nguma wa Ruwa, mwanafunzi wa ualimu, alirudi kwao Changamwe likizoni na insha kuhusu riwaya za kisasa. Alikuwa ameandika, kwa ujasiri wa kijana aliyesoma, kwamba mtu ni kumbukumbu zake tu. Zikimtoka, naye hayupo tena.

Alimkuta bibi yake, Kanze, hamtambui hata Ruwa, mwanawe wa kumzaa. Nguma akamwamkia, akataja jina lake. Alilirithi kwa babu, kama ilivyo desturi ya Wagiriama, na bibi alizoea kumwita "mume wangu" kwa utani. Babu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya Mjerumani, asirudi.

Safari hii bibi hakutania. Alinuna.

"Ulisema siku tatu, Nguma."

Kijana alikusudia kumsahihisha, kisha akaketi karibu naye.

"Niwie radhi, Kanze. Njia ilikuwa ndefu."

Bibi akamsogezea sahani yake mwenyewe. "Haya, kula. Sima yako imepoa."

Akaila yote.

Likizo ilipokwisha, mwalimu wake chuoni aliisifu ile insha, akauliza mbona haina jina la mwandishi. Nguma akajibu kwamba jina lina mwenyewe, naye bado anangojewa nyumbani.