Sentensi Tatu za Ambrose Quirke

Kabla hajatimiza miaka arobaini, Ambrose Quirke alikuwa ameuawa mara ishirini na tatu. Alichomwa mkuki mara tisa, akapigwa risasi mara saba, akakatwa kichwa mara tatu, akanyongwa mara mbili, akazamishwa mtoni, akakanyagwa na farasi. Katika filamu zote hizo hakusema neno hata moja. Alipiga ukelele tu, na hata ukelele wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mtu mwingine, umebandikwa baadaye.

Alizaliwa jimbo la Tipperary, mtoto wa mhunzi, katika parokia ambako mwanamume hupimwa kwa mchezo wa magongo. Alicheza ulinzi wa pembeni, nafasi isiyohitaji mbio wala madaha. Kazi yake ilikuwa kumzuia mshambuliaji asifunge, na namna ya kumzuia hakuna aliyeuliza. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa hana meno manne, na pua ilikwisha kuvunjika mara mbili. Katika uwanja wa Thurles alimvunja kijana mmoja taya. Baada ya mechi mama wa kijana akamletea chai, akamwambia ashukuru Mungu taya limevunjika mahali pamoja tu, hata daktari amelisifu pigo.

Siri ya ulinzi alifundishwa na kocha wake, tarishi wa posta aliyewachapa miguuni mpaka ikawaingia: mwenzako akiinua gongo, usirudi nyuma. Ingia. Gongo huua kwa ncha, na karibu na mikono halina nguvu. Anayerudi nyuma ndiye anayezikwa. Ambrose aliingia kwa miaka ishirini na miwili.

Filamu ilimkuta akiwa katika jeshi la akiba. Kampuni moja ilitaka askari mia tano wa vita vya kale kwenye vilima vya Wicklow, serikali ikawaazima wanajeshi wa akiba. Aliyepanga vikosi alikuwa mgeni, hakujua uhasama wa magongo kati ya majimbo. Aliwaweka watu wa Tipperary upande mmoja na watu wa Kilkenny upande wa pili, akawapa marungu, akasema anzeni. Kufikia saa sita mchana watu kumi na mmoja walikuwa hospitali. Mwongozaji aliruka kwa furaha. Ambrose alipigwa ngao usoni akaanguka kama gunia, akainuka na damu mdomoni, akauliza kama wangependa aangukie upande mwingine. Tangu siku hiyo hakukosa kazi ya kufa.

Mwaka 1988 akapewa sehemu ya kusema. Ilikuwa ya mkuu wa kijiji anayepigana na mvamizi, anashindwa, anapiga magoti na kutamka sentensi tatu kabla ya kuuawa. Nyumba yangu umeichoma. Ng'ombe wangu umewachinja. Niue, lakini usikae hapa. Alizisema akikamua ng'ombe, alizisema kwenye misa. Mkewe, Bríd, aliweka kisu cha viazi mezani.

"Ambrose, hata kuku wamezikariri. Siku hiyo ukiumwa, nitampeleka jogoo."

"Cheka tu. Mama yangu alikufa hajanisikia nikisema kitu kwenye filamu."

Asubuhi ya kurekodi, mwongozaji alimweleza wazi. Siku ilikuwa moja, pesa za siku ya pili hakuna. Akiumia au akishindwa, yupo mwigizaji wa jukwaani kutoka Dublin, amekwisha kuvalishwa, anasoma gazeti ndani ya gari. Ambrose alitazama gari. Lilikuwa jeupe, limeegeshwa mahali anapoliona.

Mvamizi aliigizwa na nyota wa filamu, Lorcan Phelan, mtu wa Kilkenny, aliyekuwa mshambuliaji hodari wa magongo kabla uso wake haujaanza kumlisha.

"Quirke! Meno hayo ya chini ni yako au ya kuazima?"

"Ya kuazima, paka wa Kilkenny wewe. Yangu nilimwachia binamu yako gotini. Bado anachechemea?"

Mwalimu wa mapigano, mwanamke mfupi wa Cork aitwaye Assumpta, aliwatenganisha kwa kiwiko.

"Yeye akiinua shoka, wewe unarudi hatua mbili. Ngapi, Ambrose?"

"Mbili, mama."

"Nionyeshe. Tena. Tena."

Walirudia mara arobaini asubuhi ile, polepole, na mara zote arobaini Ambrose alirudi nyuma hatua mbili.

Kisha mwongozaji akasema anza, na Phelan hakuinua shoka kama alivyofundishwa. Alilivuta kutoka bega la kushoto, kiuno kikizunguka, kama mtu anayetaka kufunga bao. Mwili wa Ambrose ulilitambua pigo hilo kabla kichwa chake hakijafikiri. Akaingia.

Kichwa cha shoka, cha bati tu, kilipita nyuma yake, lakini mpini ulikuwa wa mti uleule unaochongwa magongo. Ulimvunja mtulinga, ukateremka, ukakivunja kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa ukatoka nje ya ngozi. Ambrose akapiga magoti, na kwa kuwa magoti yalikuwamo kwenye maandishi, kamera hazikuzimwa.

"Yesu wangu, mkono," Phelan alinong'ona.

"Shika nywele," Ambrose alimwambia.

Hilo pia lilikuwamo. Phelan alimkamata nywele, naye akaning'inia kwenye ngumi ile ili asianguke. Nyuma ya goti la Phelan aliona mlango wa gari jeupe ukifunguka. Mtu wa Dublin alikuwa anakunja gazeti. Ambrose akasema sentensi zote tatu.

"Kata!"

Fundi sauti aliinua mkono kwa aibu. Sentensi ya tatu haikusikika. Phelan alikuwa anahema juu yake kama fahali.

"Leteni gari la wagonjwa," Assumpta alisema. "Mnaona mfupa huo?"

"Kamera inauona?" Ambrose aliuliza.

Mpiga picha hakumtazama. Alisema unaonekana kidogo.

"Basi upakwe matope."

"Sikupaki!" Assumpta alifoka. "We mwendawazimu, mkono utaoza!"

Phelan ndiye aliyechuchumaa. Alichota tope kwa vidole viwili, akaupaka mfupa taratibu. Ambrose alitapika pembeni, akafuta mdomo kwa bega lisiloumia.

"Na wewe, ziba pua yako."

"Nitaziba, bwana. Nitaziba."

Shoka liliinuliwa tena. Safari hii Ambrose alirudi hatua mbili, akahesabu kimoyomoyo, akapiga magoti. Nyumba yangu umeichoma. Ng'ombe wangu umewachinja. Phelan alizuia pumzi mpaka mishipa ikamsimama shingoni, na ya tatu ikatoka peke yake, ya chini, kila neno mahali pake.

Fundi sauti aliitikia kwa kichwa. Phelan akaachia nywele, na Ambrose akaanguka kifudifudi juu ya mkono uliovunjika.