Shemeji na Feni Iliyotakiwa Kunyamaza

Shemeji yangu, mume wa dada, anaitwa Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kulipinga, likamganda. Kazini anatunza stoo ya mabomba, na kazi hiyo anaiweza, sitamsingizia. Lakini aliwahi kwenda semina ya kompyuta, akapewa cheti na fulana, na tangu siku hiyo nyumba ile haina amani. Redio ikikwaruza, yeye ndiye. Simu ya jirani ikigoma kuwaka, yeye ndiye, na ikirudi kwa mwenyewe ndiyo haiwaki tena milele. Ukimuuliza atakwambia, "Ile simu ilikuwa na tatizo la ndani." Utadhani kuna simu zenye tatizo la nje.

Dada yangu ni muuguzi. Amefanya zamu ya usiku miaka nenda rudi, kwa sababu kila msimamizi mpya akifika anamkuta usiku, na anaona ndiko alikozaliwa. Asubuhi anarudi wakati mapacha wake wanatoka kwenda shule. Wakirudi wao, yeye amelala. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wachore mama zao. Wenzao wakachora mama anapika, mama anacheka. Mapacha wetu wakachora blanketi. Dada alicheka mbele yao, kisha akaingia bafuni akafungua maji ili wasimsikie. Mimi nilimsikia.

Kwa hiyo ilipotangazwa nafasi ya ukufunzi kwenye chuo cha uuguzi, kazi ya kuingia asubuhi na kutoka jioni kama binadamu wengine, dada aliomba. Wakamjibu kwamba watamsaili kwa simu ya video, atafute kompyuta. Jamani, nilimwona dada yangu mtu mzima anarukaruka jikoni na mwiko mkononi. "Nitalala usiku," alikuwa anasema. "Mdogo wangu, nitalala usiku na wanangu!"

Kompyuta ya pale nyumbani ni moja tu, ile mpakato ya Mtaalamu. Na hapa lazima niwaeleze habari za kwetu, maana lawama nyingine ni zetu. Mama yetu mzazi anafuma vitambaa. Katika familia yetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, na mtungi wa gesi una sketi. Kompyuta ilipoingia tu, Mama alikuja na futi yake, akaipima kama bibi harusi, akaifumia kitambaa cha kwake, chenye marinda, kinachofunika mpaka ubavuni. Chini ikawekewa mto, isiumie. Ukiiwasha, unakisogeza kitambaa nyuma kidogo ili kioo kionekane. Kukivua kabisa ni kumkosea Mama adabu.

Sasa kompyuta iliyovalishwa hivyo itafanya nini kama si kupiga kelele? Feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga, na Mtaalamu akaona aibu.

"Shemeji," aliniambia siku chache kabla ya usaili, "jopo likisikia mlio huu litajua tuna kompyuta kizee. Mama Mapacha atakosa kazi kwa ajili ya feni. Lazima inyamaze."

"Si uutoe huo mto?" nikasema.

Alinitazama kwa huruma. "Shemeji, hilo ni tatizo la programu."

Akatafuta kwenye mtandao programu ya kuongoza feni, akaiweka. Kumbe ndani ya kompyuta kulikuwa na nyingine iliyokuja nayo kutoka kiwandani, na kazi yake ni hiyohiyo. Basi zikaanza kugombana. Moja inaiambia feni kimbia, nyingine inaiambia tulia. Feni ikawa inavuma, inakata, inavuma, inakata, kama mtoto anayeitwa na baba sebuleni na mama jikoni kwa wakati mmoja. Mtaalamu alizima, akawasha. Alizima tena, akaisemesha vibaya, akawasha. Mwishowe akakata shauri kwamba ile ya kiwandani ina kiherehere, akaifuta. Ile yake akaiweka kwenye kimya. Nyumba ikatulia tuli.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo utaalamu huo."

Pembeni mwa kioo programu ile ilikuwa inaonyesha namba, nazo zinapanda. Sitini na kitu, sabini, themanini. Nikamuuliza ni za nini.

"Maksi," akasema bila kupepesa. "Inaisahihisha kompyuta inavyofanya kazi."

Ilipofika tisini, namba ikageuka nyekundu, na shemeji akapiga makofi. "Tisini! Hata mapacha hawajawahi kuniletea tisini!" Akaipiga picha, akawatumia wenzake wa stoo. Mimi niliushika ule mto, nikaukuta una joto kama umetoka kupigwa pasi. Nikamwambia labda zile namba ni za joto. Akanijibu kwamba kitu kinachofanya kazi kwa bidii lazima kitoe jasho.

Siku ya usaili dada alitoka zamu, hakulala, akaoga, akavaa blauzi yake nyeupe. Mtaalamu naye akavaa tai, ingawa hakuna aliyemwita, akakaa pembeni ambako kamera haimwoni. Mimi nilisimama kwenye mlango wa chumba chao. Kwenye kioo wakatokea wanawake wawili na mwanamume mmoja, watu wazima wa heshima zao. Salamu zikaenda vizuri. Wakamuuliza dada angemfundishaje mwanafunzi anayeogopa wagonjwa, na hapo dada akafunguka! Akaeleza jinsi anavyomkalisha mwanafunzi mgeni kando ya kitanda cha mgonjwa anayependa soga, wapige soga tu kwanza, sindano baadaye. Yule mama wa katikati alikuwa anacheka na kuandika. Nikajua kazi imepatikana.

Mara kioo kikawa cheusi. Hakuna mlio, hakuna onyo. Dada aliendelea kueleza kwa muda kabla hajagundua kwamba anajiongelesha.

"Tulieni, tulieni," Mtaalamu akaruka. "Ni tatizo la ndani."

Akabonyeza, ikawaka kidogo, ikafa. Akabonyeza tena, ikafa upesi zaidi. Simu ya dada ikaita. Alikuwa yule mama wa jopo. Dada akamwambia ukweli, kwamba kompyuta imepata joto ikazima.

"Tunaingia kwa mwombaji mwingine," yule mama akasema, nasi tukamsikia. "Tukimaliza naye tutakutafuta. Tukikukosa, itabidi tufunge."

Mtaalamu alishavuta kiti. "Safi, muda tunao. Kuna programu ya tatu ambayo..."

"Baba Mapacha," dada akasema. "Toka nje."

"Mimi?"

"Toka."

Wala hakupaza sauti. Nafikiri ndivyo anavyosema wodini na ndugu wanaomzonga mgonjwa, kwa sababu mwanamume mzima alinyanyuka na tai yake akaenda kusimama barazani. Alinitia huruma, na hapohapo nilitamani kumzaba kibao.

Dada akakivua kitambaa cha Mama, akakitupa kitandani. Mto ukafuata. Akanituma jikoni nilete sahani mbili, akazifudikiza mezani, akaiweka kompyuta juu yake ili hewa ipite chini. Nikanyoosha mkono niiwashe, akanipiga kofi la vidole. "Iache ipoe. Mtu ana homa, nyie mnambonyezabonyeza tu." Nikachukua trei nikaipepea kama jiko la mkaa, huku nikiomba Mungu yule mwombaji mwingine awe na maneno mengi. Ilipowaka, dada akaifuta programu ya Mtaalamu, akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Feni ikarudi yenyewe, bila kuongozwa na programu yoyote, na hasira zake zote, vuuuu! Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Jopo likarudi. Yule mwanamume akakunja uso. "Samahani, hapo nyumbani mnasaga unga?"

Dada akatabasamu. "Hapana, mzee. Ni feni ya kompyuta. Nitaongeza sauti."

Na akaongeza kweli. Alijibu maswali yote yaliyobaki kwa kupaza sauti kama mtu anayegombana na jirani wa ng'ambo, blauzi imemlowa mgongoni, na hawakumkatisha hata mara moja.

Wakampa kazi.

Mnadhani shemeji alijirudi? Thubutu! Dada alipomaliza wiki ya kwanza chuoni, ndugu walikuja kumpongeza, na tukamkuta Mtaalamu kasimama katikati ya sebule, mkavu wa macho, anasimulia jinsi alivyoiandaa kompyuta, jinsi alivyoifikisha tisini, na jinsi hitilafu ndogo ilivyotokea kwa sababu ya watu wasio na utaalamu kuingilia mitambo. Watu hao ni mimi na dada. Wajomba wakatikisa vichwa. Mama akasema binti yake ana bahati ya mume. Damu ilinichemka! Nikanyanyuka nimchane palepale mbele ya watu, dada akanivuta sketi nikakaa.

"Dada, unasikia anavyosema?"

"Nasikia." Pacha mmoja alikuwa amemlalia mapajani, mwingine anamning'inia shingoni, nami nikaona kwamba macho yake hayakuwa mekundu tena kwa kukesha. "Mwache aseme, mdogo wangu. Jana usiku nimelala na hawa. Wamenipiga mateke mpaka asubuhi."